Tunauza kwa kilo kinachotulindia pumzi

Katika miaka yote niliyosomesha kemia, sijapata kupatwa na aibu iliyonikaa moyoni kama ile iliyonipata chini ya mwembe mmoja, kwenye karakana ya jua kali, gari langu likiwa limeinuliwa juu ya mawe nami nimekalia ndoo iliyopinduliwa. Gari lenyewe ni kuukuu. Lilitoka Japani likiwa limekwisha kutumika huko, kama yatokavyo magari mengi ya nchi hii, na siku hizo lilikuwa limeanza kuishiwa na nguvu kila lilipokabili kilima. Fundi aliingia chini yake, akagonga hapa na pale, kisha akajitokeza akipangusa mikono kwa tambara.

"Mwalimu," akaniambia, "ugonjwa nimeuona. Kuna kidude hapa katikati ya ekzosi kinaliziba pumzi. Tukikate, tuunge bomba tupu, utaona litakavyokimbia. Na hicho kidude niachie mimi. Pesa ya kazi hutanilipa, tena nitakuongezea kitu kidogo."

Nilikijua kidude hicho, na hilo ndilo linalonifedhehesha. Nilikuwa nimekichora ubaoni mara nyingi kwa chaki za rangi, nikawaeleza wanafunzi moshi unavyoingia huku ukiwa sumu na kutoka kule ukiwa si sumu tena. Lakini siku hiyo nilikuwa na haraka, mfuko ulikuwa mwepesi, na ahadi ya kutolipa chochote ikanilainisha. Nikakubali. Msumeno ukalia kwa dakika chache, cheche zikaruka, na gari likarejea barabarani likinguruma kuliko lilivyostahili umri wake. Kwa hivyo msomaji asidhani kwamba katika makala haya ninamnyoshea mtu mwingine kidole. Kidole chenyewe kinanitazama mimi.

Hebu tuanze na darasani, maana huko ndiko jambo hili lilikoanzia kwa wengi wetu. Aliyepitia somo la kemia katika shule zetu hakosi kukumbuka jinsi oksijeni inavyotengenezwa kwenye maabara. Mwalimu hutia unga mweusi wa manganisi dayoksaidi ndani ya chupa, kisha huachia haidrojeni peroksaidi idondoke juu yake tone baada ya tone. Papo hapo mapovu hufoka, na kijiti kilichobakia na kaa jekundu kikitumbukizwa kwenye gesi iliyokusanywa huwaka upya. Wanafunzi hushangilia, kengele hulia, na somo huishia hapo. Waama, sehemu iliyo muhimu zaidi ndiyo tunayoiruka. Ungeuchuja ule unga mweusi, ukaukausha vizuri na kuupima kwenye mizani, ungekuta uzito wake ni ule ule uliotia mwanzoni. Kazi imefanyika, oksijeni imetoka, na mfanyakazi hakupungua hata chembe.

Kitu cha namna hiyo wataalamu wa istilahi wamekipa jina la kichocheo. Jina hilo ni zuri ila lina mtego. Anayechochea moto husukuma kuni ndani, na kuni zikiisha moto hufa. Kichocheo cha kemia hakileti kuni yoyote. Isitoshe, magazeti yetu hulitumia neno lilo hilo kwa kemikali za mwilini zinazotawala kukua kwa mtoto, hata mwanafunzi akatatizika asijue linazungumzwa lipi. Laiti ningaliulizwa, ningalipendekeza mshenga. Mshenga hupeleka posa, hukutanisha nyumba mbili zisizojuana, hulainisha maneno yaliyo magumu. Pengine nyumba hizo zingekutana hata bila yeye, lakini baada ya miaka mingi na magomvi mengi. Ndoa ikisha kufungwa yeye huondoka kama alivyokuja, mke si wake wala mahari si yake, na kesho yake ana safari ya nyumba nyingine. Aidha, mshenga hana uwezo wa kuwaoza watu wasiooana kabisa. Nitalirudia jambo hilo tutakapofika kwenye maji.

Binadamu aliuona ushenga huu kabla ya kuuelewa. Mnamo mwaka 1817 Humphry Davy, Mwingereza aliyekuwa akishughulikia usalama wa taa za wachimba migodi, aligundua kwamba waya wa platinamu uliopashwa moto huendelea kung'aa ndani ya mchanganyiko wa hewa na gesi, bila mwale wowote wa moto kuonekana. Gesi ilikuwa ikiungua kimya kimya juu ya waya. Mwaka 1823 Johann Wolfgang Döbereiner, kule Jena nchini Ujerumani, alielekeza haidrojeni kwenye platinamu iliyofanywa laini kama sifongo, nayo ikawaka yenyewe hewani. Akaitengenezea taa, na watu wakaitumia kuwashia moto majumbani kabla viberiti havijaenea. Berzelius wa Uswidi ndiye aliyelipatia jambo hili jina la kitaalamu mwaka 1835. Hata hivyo, yanayotendeka juu ya ule uso wa metali yalibakia fumbo kwa miongo mingi, hadi wanasayansi kama Gerhard Ertl walipoyachunguza hatua kwa hatua. Ertl alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2007.

Kwa ufupi, mambo huwa hivi. Molekuli ya oksijeni ni atomu mbili zilizokumbatiana kwa nguvu, na kuzitenganisha hewani huhitaji joto jingi. Inapotua juu ya platinamu, metali huulegeza mshiko ule na atomu zikaachana, kila moja ikakaa peke yake juu ya uso. Kaboni monoksaidi nayo hutua kando. Atomu ya oksijeni huungana nayo, ikawa kaboni dayoksaidi, nayo haishikamani sana na metali, kwa hivyo hupaa ikaenda zake. Mahali pale pakawa wazi kwa wageni wengine. Haya hutukia mara zisizohesabika katika sekunde moja, na platinamu iko pale pale.

Sasa turudi chini ya gari. Kile kidude kilichokatwa kwa msumeno, ukikipasua, utadhani umepata kipande cha tofali. Ndani mna kauri yenye vijitundu vyembamba vilivyopangika mithili ya sega la nyuki, na kuta za vijitundu hivyo zimepakwa utando wenye gramu chache tu za platinamu, paladi na rodi. Uhodari wa ubunifu huo umo katika sega lenyewe. Gramu zile zingekuwa donge moja, zingegusa moshi kidogo mno. Zikitandazwa juu ya kuta nyingi namna ile, moshi wote hupita ukizigusa.

Moshi wa petroli una wahalifu watatu. Wa kwanza ni kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, ambayo huishika himoglobini ya damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyoishika. Ndiyo inayowaua watu waliolala na jiko la makaa katika chumba kisicho na dirisha. Wa pili ni mabaki ya petroli ambayo hayakuungua. Wa tatu ni oksaidi za nitrojeni, zinazozaliwa kwa ukali wa joto la injini, na ambazo zikikutana na mabaki yale chini ya jua huzaa ozoni karibu na ardhi, ikawasha macho na kukereketa mapafu. Wawili wa kwanza dawa yao ni kuongezewa oksijeni. Wa tatu dawa yake ni kupokonywa oksijeni aliyo nayo. Kidude kimoja hufanya yote mawili kwa wakati mmoja, mradi injini ichanganye takriban kilo 14.7 za hewa kwa kila kilo ya petroli. Ndiyo sababu magari ya siku hizi yana kifaa cha kuonja oksijeni ndani ya bomba la moshi na kupeleka habari kwa kompyuta ya injini. Kidude kikiisha kupata joto la kadiri ya nyuzi 300, huondoa zaidi ya asilimia 90 ya sumu hizo. Kabla ya hapo hakifanyi kazi ya maana, na hivyo zile dakika za kwanza za asubuhi, gari linapopashwa moto mbele ya mlango wa jikoni, ndizo mbaya kuliko zote.

Aliyekipigania kidude hiki mapema alikuwa Mfaransa, mhandisi Eugène Houdry, aliyehamia Marekani na kujipatia sifa kwanza kwa kutumia vichocheo kuvunjavunja mafuta mazito yawe petroli. Baadaye aliingiwa na wasiwasi juu ya moshi uliokuwa ukiifunika miji. Mwaka 1956 alipewa hataza ya kisafishi chake. Alifariki mwaka 1962 pasi na kukiona kikifungwa kwenye magari ya watu, na sababu ilikuwa moja: risasi.

Simaanishi risasi ya bunduki. Mwaka 1921 Thomas Midgley, Mmarekani, aligundua kuwa petroli iliyotiwa mchanganyiko wa risasi huizuia injini isigongegonge. Kutoka mwaka 1923 ikaanza kuuzwa, na kwa miongo mingi dunia nzima ikaivuta. Risasi hudhuru ubongo, hasa wa mtoto. Kwa kisafishi nayo ni sumu: huifunika ile metali hadi oksijeni ikakosa pa kutua. Almuradi, hapangeweza kuwa na kisafishi pahali palipo na risasi. Marekani ilipoanza kufunga visafishi kwenye magari mapya ya mwaka 1975 ililazimika kuuza petroli isiyo na risasi, na mataifa ya Ulaya Magharibi yakaja kuvifanya kuwa sharti mwanzoni mwa miaka ya tisini.

Sisi tulichelewa. Mnamo Juni 2001 wajumbe wa nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara walikutana Dakar wakaazimia kuiondoa risasi. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, lenye makao yake hapa Nairobi, likashika usukani wa kampeni hiyo kuanzia mwaka 2002, na kufikia Januari 2006 eneo letu lote lilikuwa limeachana nayo. Nchi ya mwisho duniani ilikuwa Algeria, mwaka 2021. Shirika hilo linakadiria kwamba hatua hii inazuia vifo vya mapema zaidi ya milioni 1.2 kila mwaka. Ni ushindi ambao sijawahi kumsikia mtoto wa shule akiuimba katika tamasha la muziki.

Nikiyatafakari hayo ndipo nilipomwelewa fundi wangu. Magari ya Japani yaliyoingia nchini katika miaka ya tisini yalikuja na visafishi vyao, nayo yakanyweshwa petroli yenye risasi. Visafishi vikafa, vingine vikaziba. Fundi wa zama hizo aliyevikata hakuwa na kosa kubwa, kwa kuwa alikuwa akiondoa maiti. Ujuzi huo akamrithisha kijana aliyekuwa akimshikia spana, na kijana huyo leo ndiye mwenye karakana. Petroli imebadilika ilhali mafunzo hayakubadilika. Vivyo hivyo dizeli: tangu Januari 2015 Kenya na majirani zake wa Afrika Mashariki walikubaliana isizidi sehemu 50 za salfa katika milioni, baada ya miaka mingi ya kutumia mafuta machafu zaidi, kwa sababu salfa nayo huvizuia vichocheo. Tumegharimika kuyasafisha mafuta ili visafishi viishi, kisha tunavikata kwa msumeno.

Nakiri kwamba fundi alisema kweli kuhusu kuziba. Kisafishi changu kilikuwa kimeziba. Lakini kisafishi hakizibi chenyewe kama mfereji ulioingiwa na takataka. Plagi zilizochakaa huacha petroli ipite bila kuungua, petroli hiyo huenda kuunguzwa ndani ya kisafishi, joto likapanda kupita kiasi, na sega likayeyuka. Ugonjwa ulikuwa kwenye injini, tukamkata mgonjwa pua. Gari lilikimbia kwa majuma machache, kisha taa ya injini ikawaka kwenye dashibodi na haikuzimika tena, na kiasi cha petroli ninachonunua kwa mwezi hakikupungua hata kidogo.

Mbona basi fundi alikubali kunifanyia kazi bure na kuniongezea pesa? Hapa ndipo hadithi inapokuwa chungu. Sehemu kubwa ya platinamu ya dunia, na zaidi ya asilimia 80 ya rodi, huchimbwa Afrika Kusini, katika miamba ambayo utajiri wake ulijulikana mwaka 1924 kwa juhudi za mjiolojia Hans Merensky. Metali hiyo hutolewa chini ya ardhi ya bara letu kwa jasho la Waafrika, ikapelekwa ng'ambo, ikapakwa kwenye kauri, ikafungwa chini ya gari, ikamhudumia Mjapani kwa miaka saba, kisha ikarudi Mombasa ndani ya meli. Mwezi wa Machi 2021 wakia moja ya rodi ilifika karibu dola 29,000. Bei hiyo haikudumu, lakini habari zilikwisha kusambaa hadi kwa wenye mizani ya vyuma chakavu. Sasa metali ile huondoka tena, mara hii ikiwa imekatwa na kupimwa pamoja na mabati na sufuria zilizotoboka. Kinachobakia kwetu ni vijisenti vya siku moja na moshi wa miaka iliyosalia ya gari.

Kuna watakaoniambia kwamba mwananchi wa kawaida hana uwezo wa kununua kisafishi kipya, na kwamba nisimlaumu maskini. Nawajibu kwamba maskini mwenyewe hana gari. Yeye ndiye anayetembea kandokando ya barabara asubuhi, ndiye mwuza mahindi ya kuchoma aliyeketi kwenye mzunguko kutwa nzima, ndiye mtoto anayesubiri kuvuka akienda shule huku kimo chake kikiwa sawasawa na kimo cha mabomba ya moshi. Mwenye gari, mimi nikiwemo, hufunga dirisha.

Sheria haikosekani. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi yenye afya. Kanuni za ubora wa hewa zilitolewa mwaka 2014. Gari la kutoka ng'ambo halikubaliwi likiwa limezidi miaka minane tangu kuundwa, na hukaguliwa huko litokako kabla ya kupakiwa melini. Kwa hivyo kisafishi hufika kikiwa mahali pake. Tatizo huanza baada ya hapo, kwenye karakana zisizo na macho ya mtu. Sioni ugumu wa kumtaka mnunuzi wa vyuma chakavu aandike kila kisafishi anachonunua na nambari ya gari kilikotoka. Mwaka 2022 serikali iliifunga kwa miezi kadhaa biashara nzima ya vyuma chakavu, nguzo za umeme zilipokuwa zikihujumiwa. Iliweza kwa ajili ya umeme. Naamini ingeweza, kwa hatua ndogo kuliko ile, kwa ajili ya pumzi. Na vyuo vya ufundi viwafunze vijana kupima moshi kwa mashine, si kwa kunusa.

Nimesema kwamba nitarudi kwenye maji.

Ule unga mweusi wa maabara una kazi nyingine ambayo vitabu vya shule huitaja kwa nadra. Katika sehemu nyingi za nchi, maji ya kisima kilichochimbwa kwa mashine hutoka yakimeremeta kama kioo, lakini yakikaa kwenye ndoo kwa saa chache hugeuka hudhurungi. Nguo nyeupe huingia madoa ya kutu, na chai hupigwa na weusi usioelezeka. Ni chuma kilichoyeyuka. Chini ya ardhi hakina oksijeni, nacho hakionekani. Kikikutana na hewa hugeuka kutu. Ukiyapitisha maji hayo hewani kwanza, yakarukaruka na kumwagika kama maporomoko madogo, kisha ukayachuja kwa mchanga uliofunikwa kwa manganisi dayoksaidi, chuma huoksidishwa upesi juu ya punje za mchanga na kubakia pale. Manganisi iliyoyeyuka majini nayo hunaswa vivyo hivyo. Mchanga huoshwa kwa kurudishiwa maji kinyumenyume, kazi ikaendelea. Mshenga ni yule yule aliyetuletea oksijeni darasani. Tahadhari lakini: kuna mwanafunzi mwerevu atakayekumbuka kwamba ndani ya betri kavu za tochi mna manganisi dayoksaidi, akatamani kuzipasua. Asithubutu. Unga wa betri una mchanganyiko wa vitu vingine visivyofaa kukaribia maji ya kunywa.

Kwa upande wa vijidudu, nchi yetu ina sifa yake, ijapokuwa haijulikani sana. Mwaka 1996 jarida la tiba la Lancet lilichapisha utafiti uliofanywa Kajiado na watafiti wa Ireland wakishirikiana na wenyeji. Watoto wa Kimaasai 206, wa umri wa miaka 5 hadi 16, walipewa chupa za plastiki zinazopenya mwanga. Nusu yao waliziweka juu ya paa juani kutwa, nusu wakaziweka ndani ya nyumba. Waliokunywa maji ya juani waliendesha kwa uchache kuliko wenzao. Kipindupindu kilipozuka eneo hilo baadaye, watafiti walirudi kuwahesabu watoto wasiofikia umri wa miaka sita: kati ya 155 wa nyumba zilizotumia jua waliugua 3, na kati ya 144 wa nyumba nyingine waliugua 20. Chupa na jua, basi.

Jua hilo halikuwa na mshenga. Je, likimpata? Mwaka 1972 Wajapani wawili, Akira Fujishima na mwalimu wake Kenichi Honda, waliandika kwamba titani dayoksaidi ikimulikwa na miale ya urujuanimno ndani ya maji huweza kuyapasua maji yenyewe kuwa haidrojeni na oksijeni. Titani dayoksaidi si kitu cha kigeni, maana ndiyo inayoipa rangi ya nyumba weupe wake na imo katika dawa nyingi za meno. Mwanga ukiipiga, elektroni hurushwa kutoka mahali pake, na pengo linaloachwa huwa na uchu mkubwa wa elektroni hata likayapokonya maji yaliyo karibu. Hapo huzaliwa vipande vya molekuli vyenye ukali usio na kifani, vinavyorarua kuta za bakteria, rangi za viwanda vya nguo na mabaki ya dawa za wadudu. Wakati wa usiku unga huo ni unga tu. Kukicha unaingia kazini tena.

Sipendi kuwapa wasomaji matumaini ya kitoto. Miale inayoiamsha titani dayoksaidi haizidi takriban asilimia 5 ya mwanga wa jua unaotufikia. Maji yakiwa na tope, mwanga haupenyi. Ukiitia kama unga, sharti uuchuje baadaye. Ukiipaka kwenye kioo, eneo la kugusana na maji hupungua. Ndiyo maana miaka hamsini na zaidi imepita tangu ugunduzi ule na bado mama wa Kajiado anategemea chupa tupu, na ndiyo maana nawashuku wachuuzi wanaopita shuleni na vichujio vya miujiza. Mwalimu akiletewa kifaa cha namna hiyo, aulize maswali mawili: kichocheo chake ni kitu gani, na kinavunja kitu gani.

Swali la pili ndilo zito. Katika Bonde la Ufa kuna watu wengi wenye meno ya kahawia kwa sababu ya floridi iliyozidi ndani ya maji. Nimewahi kuulizwa na mzazi kama kichocheo hakiwezi kuiondoa. Hakiwezi. Bakteria huvunjika, rangi huvunjika, kaboni monoksaidi hupewa oksijeni ikawa kitu kingine; lakini florini ni elementi, haina vipande vya kugawanywa, na chumvi yake haifukuziki kwa kuoksidishwa. Inabidi ikamatwe na kutolewa, kama inavyofanywa huko Nakuru kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Huyo ndiye yule mshenga asiyeweza kuwaoza wasiooana.

Juzi nilirudi kule kwenye mwembe. Nilitaka kukinunua tena kidude changu, hata kama kimeharibika. Fundi alicheka kwa upole, akaniambia, "Mwalimu, hicho kilishasafiri siku nyingi." Lakini akapekuapekua kopo la skrubu akanipa kipande cha sega kilichovunjika kutoka gari jingine, kidogo kama kidole gumba. Nilimwomba kijana wake asivute vumbi la vitu hivyo anapovipasua, maana si jema kwa mapafu. Akaniuliza ndani mna nini. Nilikaa kwenye ile ndoo nikamweleza, na safari hii fundi mwenyewe aliacha spana akasogea kusikiliza.

Kile kipande nilikifunga kwa gazeti nikakipeleka kwa mwalimu mmoja niliyemsomesha zamani. Tulikitumbukiza kwenye haidrojeni peroksaidi mbele ya wanafunzi wake. Mapovu yalifoka kwenye vijitundu vyote kwa pamoja, kama sega lililoamshwa. Msichana mmoja wa dawati la nyuma aliinua mkono, akauliza kama gari langu nalo linacho. Nikamwambia kwamba lilikuwa nacho. Akauliza nitakirudisha lini. Nilimweleza kwamba bei nimekwisha kuulizia, ni zaidi ya mara kumi ya zile nilizolipwa, na kwamba nimeanza kudunduliza.